Raba moja, wiki moja Jambiani, na kilomita 21 za Moshi mbele

SWALI: Kocha, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, kazi yangu ni ya kukaa ofisini. Nakimbia mara tatu kwa wiki: Jumanne na Alhamisi alfajiri peke yangu, Jumamosi na klabu yetu ya jogging. Jumla napata kama kilomita 20 kwa wiki. Raba ninayo moja tu, niliinunua mtumbani Karume mwezi wa tatu. Ni nzuri, ila kisigino cha kulia upande wa nje kimeisha, na siku hizi goti linauma kidogo nikishuka ngazi. Wiki ya pili ya Januari mimi na mume wangu tunakwenda Jambiani, Zanzibar, siku saba. Watoto watabaki kwa bibi yao. Halafu mwisho wa Februari nimejiandikisha kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi, ndiyo mara yangu ya kwanza. Rafiki yangu ananiambia nisinunue kiatu, nikimbie pekupeku ufukweni wiki nzima ili miguu ikomae. Mwingine anasema ninunue zile zenye bati la kaboni ndani ya soli kama za kina Kipchoge. Nifanye nini? Na hiyo likizo haitaniharibia programu?

JIBU: Dada yangu, nikupe kwanza jibu fupi, maana mwaka unaisha na unahitaji muda wa kuzunguka madukani. Nunua raba nyingine wiki hii, kabla ya kupanda boti. Ya zamani usiitupe, nayo iende Jambiani, kazi yake nitakueleza. Pekupeku ruksa, ila kwa kiasi kidogo sana kuliko anavyotaka rafiki yako. Bati la kaboni achana nalo.

Tuanze na hesabu ya hiyo raba ya Karume. Kilomita 20 kwa wiki, tangu Machi mpaka leo ni wiki arobaini na kitu, kwa hiyo umeshaikimbilia zaidi ya kilomita 800. Raba ya kawaida ya mazoezi hutegemewa kwa kilomita 500 hadi 800, kutegemea uzito wa mtu, barabara anayopita na aina ya sponji iliyomo. Na yako ilikuja tayari na kilomita za mwenyewe wa kwanza, huko ilikotoka, ambazo hakuna wa kukuhesabia. Imekutumikia vya kutosha.

Kinachochoka kwanza ni ile sponji iliyokaa kati ya mguu na mpira wa chini. Katika raba nyingi ni aina ya plastiki iitwayo EVA, iliyojaa vipovu vidogo vya hewa. Kila ukikanyaga vipovu hubanwa, ukiinua mguu hurudi. Baada ya hatua laki kadhaa kuta za vipovu hulegea, nyingine hupasuka, na sponji haijai tena kama zamani. Juu kitambaa bado kinang'aa, kamba nzima, hata mpira wa chini una meno yake, nawe unasema raba bado ipo. Ndiyo maana watu wengi hukaa na raba iliyokwisha miezi mitatu bila kujua.

Fanya hivi leo jioni. Weka pea yako mezani, chuchumaa mpaka macho yawe usawa wa meza, zitazame kwa nyuma. Kisigino kikisimama wima, hata kama mpira umelika kidogo, si neno. Kikiwa kimelala upande wa nje, yaani mstari wa katikati ya kisigino haushuki wima bali umeinama, raba hiyo inakupindisha kila hatua. Halafu tazama ubavu wa sponji chini ya kisigino: ukiona mikunjo ya ulalo iliyokaa hata kama hakuna mguu ndani, na ukibonyeza kwa kidole gumba ni pagumu kama sabuni ya mche, imekwisha.

Kulika upande wa nje wa kisigino peke yake kusikutishe. Wakimbiaji wengi hutua kwa kisigino, na mguu hushuka ukiwa umeelekea nje kidogo, kwa hiyo pale ndipo panapogusa kwanza. Wapo watakaokutazama kiatu na kukuambia papo hapo una nyayo bapa na unahitaji raba maalumu. Jeshi la Marekani liliwahi kulifanyia kazi jambo hili kwa askari wanafunzi wa nchi kavu, wa anga na wa majini: kundi moja likapewa raba kulingana na umbo la nyayo, jingine likapewa aina moja tu wote. Waliopewa raba kwa kufuata nyayo waliumia karibu sawa na wenzao, bila tofauti ya maana. Tangu hapo mimi dukani naangalia zaidi kama kiatu kinamkaa mtu vizuri kuliko mashine za kupima nyayo.

Kuhusu goti: maumivu ya mbele ya goti ukishuka ngazi mara nyingi hutoka pale kifuniko cha goti kinaposuguana na mfupa wa paja, na mara nyingi zaidi huja kwa sababu mtu ameongeza mazoezi haraka. Uliponiandikia umejiandikisha kilomita 21, nikajiuliza kama hukuanza kuongeza Jumamosi. Raba iliyolala inaweza kuchangia, lakini usiibebeshe lawama yote. Punguza mbio ndefu kwa theluthi moja kwa wiki mbili, kisha fanya mazoezi ya kupanda na kushuka kingazi kimoja kifupi taratibu, mguu mmoja mmoja, bila kujirusha. Goti likivimba, likikwama, au likikuuma usiku umelala, hapo usinisubiri mimi, nenda hospitali.

Sasa kununua. Kwa bajeti ya mfanyakazi wa kawaida, chaguo halisi si raba mpya ya dukani dhidi ya mtumba. Chaguo ni mtumba mzuri dhidi ya feki mpya, kwa sababu bei zao hukaribiana. Mimi nitachukua mtumba mzuri siku zote. Feki za Kariakoo zinapendeza machoni, lakini sponji yake nyingi ama ni ngumu tangu siku ya kwanza, ama ni laini mno na inalala baada ya wiki chache. Ukiwa na uwezo wa raba mpya halisi, nunua. Na chukua toleo la mwaka uliopita, hushushwa bei, na kwa miguu yako hakuna tofauti.

Ukirudi Karume, nenda mapema wakati marobota yanafunguliwa, na usivutwe na rangi. Funua ulimi wa kiatu utazame lebo ya ndani. Kampuni nyingi kubwa huandika hapo tarehe ya kutengenezwa pamoja na namba ya toleo. Namba ya kushoto na ya kulia zifanane; zisipofanana, pea imeunganishwa na viatu viwili. Tarehe ikiwa ya miaka saba au minane nyuma, iache hata kama inaonekana haijavaliwa, kwa sababu sponji na gundi huzeeka hata zikikaa tu kwenye boksi, na joto la kontena halisaidii. Kunja kiatu: kipinde pale vidole vinapoanzia. Kikipinda katikati, weka chini. Mwisho kagua ukingo wa soli kwa kucha kuona kama kuna gundi mpya au uzi wa fundi uliozunguka. Mafundi wetu wanashona vizuri sana, na kwa kutembelea kiatu hicho kinafaa miaka. Kwa kukimbilia, ule uzi umeshatoboa sponji pembeni na kuibana, na gundi ngumu imekaza mahali panapotakiwa kunepa.

Pima jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kama inavyovimba ukikimbia, na vaa soksi zako za mazoezi. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa watu wengine ni cha pili na si gumba, ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kisigino kisipande ukitembea. Kisha kimbia. Ndiyo, hapo hapo sokoni, kati ya meza na meza, wauzaji wamezoea. Ukisikia popote panabana au panasugua, usikubali kuambiwa kitaachia. Mtaalamu wa biomekaniki, yaani elimu ya jinsi mwili unavyojongea, wa Calgary nchini Kanada, Benno Nigg, ametetea kwa miaka wazo kwamba raba inayokupa raha mguuni ndiyo yenye nafasi kubwa ya kukufaa, na mimi kazini naona vivyo hivyo.

Kwa nini ununue sasa na si baada ya likizo? Kwa sababu kutoka katikati ya Januari mpaka mwisho wa Februari ni wiki sita tu, na kiatu cha siku ya mbio kinatakiwa kiwe kimeshapita kwenye mbio zako ndefu mbili tatu. Kivae kwanza nyumbani na kazini kama wanaruhusu, siku mbili tatu. Kisha Jumanne na Alhamisi. Kikifika Jambiani kiwe na kilomita thelathini hivi.

Bati la kaboni ni jambo la dakika moja. Zile raba zimetengenezwa kwa watu wanaokwenda kasi muda mrefu, na ndizo zilizosababisha shirikisho la dunia la riadha kuweka kikomo cha unene wa soli, milimita 40 kwa mbio za barabarani. Kipchoge alipomaliza marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019 alivaa za aina hiyo, na alikuwa na kikosi cha watu wa kumkinga upepo, gari la kumpangia kasi, na mwili wa Kipchoge. Kwako ni soli nene iliyoinuka, inayoyumba kwenye mchanga na kwenye mashimo ya Tabata, yenye sponji ambayo huchoka mapema. Pesa hiyo inatosha pea mbili za kawaida.

Na pea mbili zina maana. Watafiti wa Luxembourg waliwafuatilia wakimbiaji wa kawaida 264 kwa wiki 22, wakakuta waliokuwa wakibadilisha raba tofauti walikuwa na hatari ndogo ya kuumia, pungufu kwa asilimia 39, kuliko waliovaa pea moja tu. Inadhaniwa ni kwa sababu kila kiatu hubana mwili mahali tofauti kidogo. Kwa hiyo raba yako ya zamani, kama ule mtihani wa mezani haukuonyesha kwamba imelala vibaya, inabaki kuwa raba ya mbio fupi, na Jambiani itakuwa raba ya maji ya chumvi. Kama imelala, mpe fundi, nunua nyingine ya bei ya chini ya kuloweka.

Haya, kisiwani. Wageni wa bara hukosea jambo moja huko: hupanga mbio kwa saa ya mkononi. Pwani ya mashariki ya Unguja hupangwa na maji. Jambiani, Paje na Bwejuu bahari ni tambarare mpaka kwenye mwamba, na siku za bamvu, yaani za maji makubwa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inaweza kufika karibu mita nne. Yaani pale ulipokimbia asubuhi, saa sita baadaye pana maji ya kukufika kichwani, au hakuna bahari kabisa mpaka macho yachoke.

Utaratibu wake ni rahisi ukishaushika. Bamvu huja siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kuelekea saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata, muda husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Sasa fikiria: siku ya mwezi mpevu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi maji yako njiani kutoka, na kila dakika unayokimbia ufukwe unakuwa mpana na mgumu zaidi. Hiyo ndiyo asubuhi ya kukimbia mchangani. Siku tatu au nne baadaye maji yanajaa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na nusu asubuhi, yaani wakati uleule uliozoea kutoka. Kilichobaki ni kamba ya mchanga laini uliolalia upande, kati ya mawimbi na kuta za hoteli. Na maji yatakapopwa ni saa saba mchana, jua la Januari liko utosini. Siku hizo usishindane, pita barabarani. Wiki moja baada ya mpevu ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo; hujaa kuelekea saa nne asubuhi, kwa hiyo ukitoka mapema kabisa bado kuna mahali pa kupita.

Kabla ya kuondoka tazama kalenda ya Kiislamu: tarehe moja na tarehe kumi na tano ndizo jirani na bamvu. Au ukifika, jioni ya kwanza, muulize mvuvi yeyote anayetengeneza ngalawa yake kesho maji yanatoka saa ngapi. Atakujibu bila kufikiri.

Maji yakitoka, mbele yako kutakuwa na uwanja mkubwa wenye mchanga wa mawimbi-mawimbi, vidimbwi, majani ya bahari, na vigingi vya mwani vilivyofungwa kamba nyembamba. Kilimo hicho cha biashara Zanzibar kilianza mwaka 1989 na wengi wa wakulima wake ni akina mama wa vijiji hivyohivyo. Usikimbie katikati ya mashamba yao. Kwanza ni adabu, pili ile kamba iko usawa wa kifundo cha mguu na huioni mpaka umeshaanguka. Mstari wako ni ule mchanga wenye unyevu uliokauka nusu, ambapo baiskeli za wenyeji zimeacha alama. Mahali baiskeli inapopita bila kuzama ndipo mguu wako utakapopita vizuri. Ukifika Paje, tazama juu pia: kaskazi linapovuma kuna watu wa kuteleza na tiara majini, na kamba zao wakizitandaza ufukweni ni nyembamba na kali.

Mchanga una gharama yake. Utafiti wa Wabelgiji wa mwaka 1998 uliopima nguvu inayotumika ulikuta kukimbia kwenye mchanga hudai karibu mara 1.6 ya nguvu unayotumia kwenye sakafu ngumu. Sababu ni kwamba sehemu ya nguvu unayosukumia chini inaishia kusogeza mchanga badala ya kukusogeza wewe, na misuli inafanya kazi bila mrejesho. Mchanga mgumu wenye unyevu una nafuu, laini ndio mbaya. Kwa hiyo kule usitazame kasi kwenye saa. Kimbia kwa dakika: kama Jumanne yako ni dakika thelathini na tano, ufukweni fanya ishirini na tano kwa kasi ya kuweza kuongea na mwenzako. Rafiki yako wa kasi akiona namba zako akacheka, mwache.

Jambo jingine ni mteremko. Ufukwe wa juu huinama kuelekea baharini, na ukikimbia kwenda tu, mguu wa upande wa maji unalazimika kunyooka zaidi na ule wa juu unajikunja, kilomita baada ya kilomita. Nyonga na upande wa nje wa goti huliona hilo haraka. Nenda na urudi kwa njia ileile ili kila mguu upate zamu, na ukiona bado unachechemea kidogo, shuka kwenye tambarare.

Sasa pekupeku. Wanaoitetea humtaja Abebe Bikila, na kweli alishinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 bila viatu. Ila huwa hawamalizii: mwaka 1964 Tokyo alishinda tena akiwa amevaa viatu. Na hata pale Roma, Bikila alikuwa amekwisha kuzoea. Wewe umevaa viatu tangu utotoni, na kila siku unavaa raba ambayo kisigino chake kimeinuka labda milimita kumi kuliko mbele. Ukivua ghafla, kisigino kinashuka milimita hizo zote, kigimbi na kano ya kisigino vinavutwa kila hatua, na unaanza kutua kwa mbele ya mguu bila kutaka. Siku ya kwanza utasikia raha isiyo kifani. Siku ya tatu utashuka kitandani kwa kujishika ukutani. Nimepokea watu wengi waliorudi likizo na kano ya kisigino iliyovimba, na kano ikishachokozwa huchukua wiki nyingi kutulia. Wewe huna wiki nyingi, una Moshi.

Lakini sitakunyima. Siku mbili za mwanzo tembea tu pekupeku, robo saa, kwenye mchanga wenye unyevu. Siku ya tatu, baada ya kumaliza mbio zako ukiwa na raba, ivue, ukimbie polepole dakika moja, utembee dakika moja, mara tatu au nne, basi. Pumzika siku moja, rudia, na ukitaka ongeza mara mbili. Kigimbi kikiuma asubuhi, hakuna pekupeku siku hiyo. Ukiwa pekupeku usipite kwenye mchanga mkavu wa juu ambao bahari haiufikii: ndiko paka na mbwa wanakojisaidia, na mabuu ya minyoo yao huingia kwenye ngozi ya unyayo na kutambaa ndani yake kwa mstari mwekundu unaowasha kuliko upupu. Na usiingie kwenye vidimbwi karibu na mwamba. Wale wanyama weusi wenye miiba mirefu hawasogei, ni wewe utakayewakanyaga. Ukijikata na matumbawe, safisha mara moja kwa maji ya kunywa na sabuni, usiache chumvi ikauke kwenye jeraha.

Joto halitakusumbua sana, umetoka Dar, mwili wako unalijua. Toka kabla ya saa moja asubuhi, maji ubebe. Upepo wa kaskazi ukiwa unavuma, mimi ningeanza kwa kwenda kusini, unanisukuma nyuma, ili nikirudi jua limepanda upepo uwe usoni unanipoza. Mumeo kama hakimbii, kodini baiskeli, aje pembeni na chupa ya maji kwenye mchanga mgumu. Wenyeji wenyewe ndio usafiri wao maji yakitoka. Kuhusu mavazi unajua mwenyewe, lakini niseme kwa ajili ya wengine watakaosoma: mbele ya hoteli hakuna atakayekuuliza, ukiingia kijijini suruali iliyofunika magoti na fulana yenye mikono, na salamu kwa kila mtu mzima unayempita. Pumzi ya "shikamoo" haikuharibii muda.

Programu haitaharibika. Siku saba za kupunguza hazikuondolei stamina ya miezi kumi. Mwili huanza kushuka kwa maana pale unapokaa kabisa kama wiki mbili. Wiki hiyo nataka mbio tatu tu. Mbili za ufukweni kwa dakika, kama nilivyosema. Moja ndefu kwa raba mpya kwenye lami: kutoka katikati ya Jambiani hadi Paje ni kilomita sita hivi, kwenda na kurudi ni kumi na mbili, barabara tambarare, toka giza likianza kupasuka, magari ya watalii yakiwa bado hayajaamka. Usiku wa kuamkia mbio hiyo urojo na pilipili uache, kula wali.

Maji ya chumvi ni adui wa gundi na uzi. Raba ya ufukweni ikilowa, ioshe siku hiyohiyo kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Visima vya karibu na ufukwe huko mara nyingi vina chumvi, kwa hiyo usiamini kila bomba, onja kwanza. Toa kile kitambaa cha ndani cha kukanyagia, legeza kamba mpaka chini, jaza gazeti lililokunjwa, weka kivulini penye upepo. Gazeti likilowa badilisha. Usianike juani juu ya paa, wala usiiache kwenye buti ya gari mchana: joto ndilo linaloachanisha soli na kitambaa. Usivae raba mbichi kesho yake, mchanga uliobaki ndani pamoja na unyevu unatoa malengelenge kabla ya kilomita ya tatu. Paka mafuta mazito kati ya vidole na beba pea mbili za soksi.

Kwenye boti kwenda na kurudi, raba mpya iwe mguuni, ya zamani ndiyo ikae kwenye begi. Begi likipotea au likilowa hukosi kiatu cha Moshi.

Ukisharudi, kitu ambacho Jambiani haitakupa ni mlima. Njia ya kilomita 21 ya Kilimanjaro hupanda kuelekea Mweka, kisha inarudi kwa kushuka, na kushuka ndiko goti lako linakolalamikia. Kwa wiki tatu za kwanza baada ya likizo, Alhamisi moja moja nenda vilima vya Kinyerezi au Pugu, panda kwa kukimbia, shuka kwa kutembea. Wiki ya pili shuka kwa hatua fupi za haraka, usijifunge breki kwa kisigino. Goti likikaa kimya, Jumamosi ya mwanzo wa Februari fanya kilomita 16 na klabu yako, kwa raba mpya na soksi utakazovaa siku yenyewe. Likiuma, niandikie kabla ya hiyo Jumamosi, na unitajie linauma upande gani: mbele, au pembeni kwa nje.